Molly Russell: mtoto aliyefundishwa na simu kunyamaza nyumbani

Molly Russell wa Harrow, kaskazini magharibi mwa London, alifariki kwa kujidhuru tarehe 21 Novemba 2017. Alikuwa na miaka 14. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya mabinti watatu, na wazazi wake wote wawili walikuwa wakiishi naye. Baba yake, Ian, alikuwa mwongozaji wa vipindi vya televisheni. Kwa maelezo yote yaliyotolewa baadaye, ilikuwa familia ya watu wanaopendana.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya ushahidi wake. Habari za vijana na mitandao ya kijamii kwa kawaida tunazipata kwa kukisia: mtoto amebadilika, wazazi wameilaumu simu, kampuni imekana, mambo yameishia hapo. Kwa Molly ilikuwa tofauti. Baada ya karibu miaka mitano ya kudai, familia ilifanikiwa kuyaweka mbele ya mahakama yale aliyokuwa akiyaona katika miezi sita ya mwisho ya maisha yake. Ni nadra sana kwa mzazi kupata nafasi ya kuona kile ambacho simu ilikuwa ikimwambia mtoto wake, siku kwa siku.

Kwetu, kisa kama hiki kikitokea, swali la kwanza kuulizwa msibani ni moja: wazazi walikuwa wapi? Mara nyingi anayeuliza ameshahukumu. Wazazi wa Molly walikuwapo. Ian Russell alieleza kwamba katika mwaka ule wa mwisho waliona mabadiliko. Molly alianza kujitenga, akawa anakaa zaidi chumbani kwake. Lakini akitoka chumbani alikuwa akishiriki mambo ya nyumbani kwa furaha kama zamani, nao wakaona ni hali za kawaida za umri wake.

Naomba tusilipite haraka jambo hili. Mtoto wa miaka 14 anayejifungia chumbani na kujibu kwa neno moja yuko karibu katika kila nyumba yenye kijana. Ukimwita kila mtoto wa namna hiyo mgonjwa utakuwa umekosea kwa wengi. Ukimwacha kila mmoja kwa kuwa "ndio ujana" utakuwa umekosea kwa wachache, na kwa hao wachache kosa halirekebishiki. Wazazi wa Harrow walifanya hesabu ambayo mzazi yeyote mwenye akili timamu angeifanya. Walichokosa ni habari. Upande mmoja wa maisha ya binti yao ulikuwa unaendeshwa mahali ambapo wao hawakuwa na mlango.

Yaliyokuwamo ndani ya simu

Baada ya kifo, baba alifungua barua pepe za binti yake akitafuta cha kumsaidia kuelewa. Akakuta ujumbe kutoka Pinterest, mtandao wa kukusanya picha, ukimpendekezea Molly picha za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ambazo huenda angezipenda. Ulikuwa umeandikwa kwa lugha ileile ya uchangamfu ambayo mtu mwingine angetumiwa mapendekezo ya mapishi au mitindo ya nywele. Hakuna binadamu aliyekaa akauandika. Mashine ilikuwa imeona kwamba akaunti hii inazitazama picha za aina hiyo, ikafanya ilichoagizwa kufanya, yaani kuongeza.

Kisha zikaja takwimu. Katika miezi sita kabla ya kifo chake, Molly alihifadhi, alipenda au alisambaza machapisho 16,300 kwenye Instagram. Kati ya hayo, 2,100 yalihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Katika kipindi chote hicho, siku ambazo hakugusa kabisa maudhui ya aina hiyo zilikuwa 12.

Wengi hutaja 2,100 na kushtuka, nao wana haki ya kushtuka. Mimi naiangalia zaidi ile 16,300. Maana yake ni kwamba katika kila machapisho manane, karibu saba hayakuhusu huzuni wala kifo. Mzazi ambaye angechungulia begani kwa mtoto wake, au kumpokonya simu kwa dakika mbili akapitia haraka, kwa uwezekano mkubwa angekuta mambo ya kawaida na kurudi jikoni moyo ukiwa umetulia. Sumu ilikuwa ikija kidogokidogo karibu kila siku, imechanganywa na mambo mengine. Ukaguzi wa kushtukiza, ambao ndio silaha ya wazazi wengi, usingetosha kuigundua.

Hapa inafaa kueleza jinsi inavyofanyika, kwa kuwa wazazi wengi bado wanadhani mtoto huyatafuta mambo haya mwenyewe kila mara. Programu hizi hazisubiri uulize. Zinapima ulikaa sekunde ngapi kwenye picha, uliihifadhi au la, ulirudi kuiona au la, kisha zinakuletea nyingine inayofanana nayo. Hazina njia ya kutofautisha kati ya kupenda na kuumia. Kijana mwenye huzuni akisimama kidogo mbele ya picha yenye maneno ya huzuni, mfumo unasoma kwamba amevutiwa. Kesho zitakuja tatu. Mchunguzi wa vifo aliyesikiliza shauri hili, Andrew Walker, alikuta kwamba algoriti, yaani hesabu ambazo mashine huzitumia kuchagua cha kukuonyesha, zilimletea Molly vipindi vya kuona picha, video na maandishi mfululizo, na kwamba baadhi yake yalichaguliwa na kuletwa bila yeye kuyaomba.

Jambo linaloniuma kuliko yote katika hukumu ile ni jingine, na sijaona likijadiliwa vya kutosha. Walker alisema baadhi ya maudhui yale yalilenga kumtenga mtoto na kumkatisha tamaa ya kuzungumza na watu ambao wangeweza kumsaidia. Mengine yalionyesha kujidhuru na kujiua kama mwisho usioepukika wa ugonjwa usioponyeka. Huo ni uongo. Sonona hutibika, na vijana wengi walioipitia leo ni watu wazima wenye familia na kazi. Lakini mtoto aliyekuwa akiambiwa uongo huo karibu kila siku, na papo hapo akiambiwa kwamba watu wa nyumbani hawawezi kumwelewa, angeujuaje ukweli?

Tumezoea kusema simu inawatenganisha vijana na familia kwa sababu inakula muda: hawali na wenzao, hawazungumzi, wameinamisha vichwa. Hilo lipo. Kisa cha Molly kinaonyesha njia nyingine, isiyoonekana mezani. Mtoto anakaa nanyi, anakula nanyi, anacheka nanyi, na wakati huohuo yuko kwenye mafundisho yanayomwambia asiwaambie. Ukimya wake ulikuwa na walimu.

Tena si kwamba hakutaka kusema. Familia iligundua baadaye kwamba alikuwa na akaunti ya Twitter ambayo hawakuijua, na humo alikuwa akiwaandikia watu maarufu wenye wafuasi wengi, akieleza hali yake. Baba yake alisema ilikuwa kama kupiga kelele kwenye utupu, kwa kuwa watu hao hupokea ujumbe mwingi mno hata wasiweze kumwona mtoto mmoja. Molly aliomba msaada, na aliuomba zaidi ya mara moja, kwa watu ambao wasingeweza kumsikia. Wale ambao wangeamka usiku wa manane kwa ajili yake walikuwa chumba cha pili. Nikijiuliza kwa nini alichagua wa mbali, naona sababu ambayo kila kijana anaijua: mgeni hataumia. Ukimwambia mama, utamwona akilia. Ukimwambia mtu maarufu asiyekujua, hutaona chochote. Watoto wapole mara nyingi hunyamaza ili kuwakinga wazazi wao.

Mahakamani

Uchunguzi wa kifo ulisikilizwa kwa takriban wiki mbili, Septemba 2022, kaskazini mwa London. Kampuni mbili, Meta inayomiliki Instagram, na Pinterest, ziliagizwa kutuma wakuu wao kutoka Marekani ili wajibu maswali ana kwa ana.

Judson Hoffman wa Pinterest alikiri kwamba mtandao wao haukuwa salama wakati Molly alipoutumia, akaomba radhi. Elizabeth Lagone wa Meta alishikilia msimamo mwingine. Aliomba radhi kwa baadhi ya machapisho yaliyovunja kanuni zao, lakini akatetea kwamba kwa ujumla ni salama watu kuwa na mahali pa kueleza hisia zao, hata zikiwa za giza.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wapo watu wazima waliopona kwa kukutana mtandaoni na wenzao wenye maumivu kama yao, hasa mahali ambapo ugonjwa wa akili ni aibu. Kumnyamazisha mgonjwa hakumponyi. Ila hoja inaanguka unapoiweka mbele ya mtoto wa miaka 14. Mtu mzima anayeeleza huzuni yake kwa mwenzake anafanya jambo moja. Mashine inayoikusanya huzuni ya watu elfu na kuimimina kwenye akaunti ya mtoto karibu kila siku inafanya jambo jingine kabisa. Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto aliyeitwa kuipitia sehemu ya maudhui hayo, Dkt. Navin Venugopal, aliiambia mahakama kwamba alikosa usingizi mzuri kwa wiki kadhaa. Yeye ni mtaalamu, na kazi yake ni kushughulika na maumivu ya watoto.

Tarehe 30 Septemba 2022 Walker alitoa uamuzi. Hakuandika kujiua. Aliandika kwamba Molly alifariki kutokana na kitendo cha kujidhuru akiwa anaugua sonona na akiwa ameathiriwa na maudhui ya mtandaoni, na kwamba maudhui hayo yalichangia kifo chake kwa kiasi kisichoweza kuitwa kidogo tu.

Maneno hayo yanastahili kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu nimeona yakipindishwa pande zote mbili. Hayasemi Instagram ilimuua mtoto. Molly alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwapo. Hayasemi pia kwamba ugonjwa ulitosha kueleza yote. Yanasema mtoto mgonjwa aliwekwa mahali palipouzidisha ugonjwa wake na kumfungia njia ya kutokea. Mzazi anayesoma hukumu hii ili apate wa kumlaumu peke yake hatampata.

Jambo moja la kisheria lisisahaulike. Miaka ile karibu mitano ilipotea kwa kiasi kikubwa kwa sababu familia na mahakama hawakuwa na njia rahisi ya kupata taarifa za mtoto kutoka kwenye kampuni. Sehemu kubwa ya kurasa za Instagram ilifika wiki chache tu kabla ya shauri kusikilizwa. Sheria ya Usalama Mtandaoni ya Uingereza, iliyotiwa saini tarehe 26 Oktoba 2023, imelijibu hilo kwa kuwapa wachunguzi wa vifo njia ya kupata taarifa za mtoto aliyefariki kupitia mamlaka ya mawasiliano, Ofcom. Kanuni za kuwalinda watoto chini ya sheria hiyo zilianza kutumika Julai 2025. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa. Ian Russell, ambaye angetazamiwa kushangilia, hakubaliani na marufuku ya jumla. Anataka kampuni zibebe mzigo wa kuyafanya majukwaa yao salama, badala ya watoto kuadhibiwa kwa kufungiwa nje.

Naelekea upande wake, kwa sababu inayotokana na kisa hiki hiki. Molly tayari alikuwa na akaunti ya siri. Mtoto anayejua kwamba kuwa mtandaoni ni kosa atakuwa na sababu moja zaidi ya kutomwambia mzazi alichokutana nacho huko.

Kwetu

Programu ni zilezile. Binti wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura akifungua Instagram, mashine inayompimia sekunde inafanya kazi kama ile ya Harrow, ila Ofcom haimfikii. Tena maudhui ya Facebook, mtandao mwingine wa Meta, kutoka Afrika kusini mwa Sahara, yakiwamo ya Kiswahili, kwa miaka kadhaa yalikuwa yakikaguliwa Nairobi na vijana walioajiriwa kupitia kampuni ya kandarasi, Sama. Kuanzia 2022 walianza kwenda mahakamani Kenya, wakieleza jinsi kazi ya kutazama ukatili kutwa ilivyowaharibu wao wenyewe. Wale waliowekwa kuwa ngao ya watoto wetu walikuwa wakiugua bila matibabu ya kutosha. Nasema hivi ili mzazi asidhani kuna mtu mahali fulani anayemlindia mtoto wake.

Kuna jingine letu wenyewe. Mpaka Januari 2025 Kenya ilikuwa na kifungu cha sheria, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Fikiria maana yake kwa kijana. Simu inamwambia asiseme, na sheria ya nchi ilikuwa ikimtishia akisema. Juu yake kuna majirani, na kuna baadhi ya viongozi wa dini wanaoanza na laana kabla ya kuuliza mtoto anaumwa nini.

Basi mzazi afanye nini na kisa hiki? Sitatoa orodha, kwa sababu nadhani kilichobadilika kwangu baada ya kukisoma ni aina ya swali. Wengi wetu tunamuuliza mtoto: umekaa kwenye simu saa ngapi? Mtoto anajibu uongo, tunagombana, biashara imekwisha. Swali lililokosekana Harrow, bila kosa la yeyote, ni: huko ndani wanakuletea nini siku hizi? Uliza kama unayetaka kujua. Mwambie mtoto akuonyeshe ukurasa wake wa mapendekezo, ule asiouchagua yeye, kisha muutazame pamoja mkiwa mmekaa. Ukiona giza humo, usilipuke. Mwulize limeanza lini kuja, na anajisikiaje likija. Swali la kujiua nalo linaulizwa kwa maneno ya wazi, kwa upole. Wataalamu wa afya ya akili wanasisitiza kwamba kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kupata ruhusa ya kulisema.

Jambo la pili linanijia kutoka pwani. Zamani binti aliyevunja ungo hakutegemewa kumweleza mama yake kila kitu. Alikuwa na somo, mwanamke mwingine mtu mzima anayeaminika na nyumba, ambaye mambo mazito yalipita kwake kwanza. Bara pia palikuwa na bibi na wajukuu wenye utani, na shangazi aliyejua siri za ndugu wote. Wazee walielewa kwamba mtoto hawezi kumtazama mama usoni na kumwambia jambo litakalomliza. Leo nyumba nyingi za mjini zina wazazi wawili, au mmoja, na simu. Nafasi ya somo ikawa wazi, na programu imeingia bila kubisha hodi. Kumchagulia kijana mtu mzima wa tatu, awe mama mdogo, mwalimu au rafiki wa familia, na kumwambia kijana waziwazi kwamba kwa huyu unaweza kusema lolote na hatakusaliti, ni kazi ya jioni moja. Mzazi avumilie tu kwamba ataambiwa baadaye, au ataambiwa sehemu, isipokuwa pale uhai wa mtoto ukiwa hatarini.

Na kijana anayesoma hapa akajiona ndani ya kisa hiki: anayekuambia kwamba hakuna atakayekuelewa amekudanganya, na huzuni uliyonayo ina matibabu. Namba 116 ni ya simu ya watoto, Tanzania na Kenya pia, na kuipiga ni bure. Wazazi nao waiweke ukutani kabla haijahitajika, na wamwambie mtoto mapema kwamba akiipiga, hakuna nyumbani atakayemhoji kwa nini alianza kuzungumza na wageni.